Sura ya Sita: Mayonezi, Mwarobaini na Kitana

Mwaka 2004 kundi la wataalamu wa wadudu nchini Marekani, Takano-Lee na wenzake, lilikusanya vitu sita ambavyo mzazi huvipata bila kufika kwa daktari: siki, spiriti, mafuta ya zeituni, mayonezi, siagi iliyoyeyushwa na mafuta ya mgando. Wakachukua chawa wa kichwa walio hai, wakawapaka vitu hivyo kimoja baada ya kingine, wakasubiri. Na kwa kuwa wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto akijilaza kwenye maji muda mrefu chawa watazama, wengine wakatiwa majini wakaachwa humo kwa muda wa saa nane.

Maji hayakuwamaliza. Wala hakuna hata kimoja kati ya vile vitu sita kilichowazuia chawa waliosalia kutaga. Mayonezi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisifiwa kina mama wanapokutana langoni mwa shule, ilishindwa kama siki ilivyoshindwa. Kilichojitokeza ni mafuta ya mgando tu: yaliua chawa wengi kuliko vingine vyote, na katika kila mayai mia yaliyopakwa yalianguliwa sita tu. Ila aliyewahi kujaribu kuyatoa mafuta hayo kwenye nywele ndefu anajua kwa nini dawa hiyo haina mashabiki. Maji yanateleza juu yake, shampuu haiyawezi, na foronya hubaki na doa siku kadhaa.

Basi kwa nini mayonezi haijapoteza jina? Sehemu ya jibu ni tabia ya chawa mwenyewe. Akizingirwa na mafuta au maji hufunga vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni mwake, akatulia tuli. Mzazi anayempindua kwenye karatasi anaona maiti. Baada ya muda maiti inachezesha mguu, kisha inaondoka.

Sehemu ya pili ya jibu ni hesabu ya siku, na hapo ndipo dawa nyingi za nyumbani, na hata za dukani, zinapoanguka.

Chawa wa kichwa ni mdudu wa milimita mbili au tatu, kama punje ya ufuta yenye miguu sita. Kila mguu una kucha iliyopinda inayoshika unywele mmoja. Haruki, hana mabawa, na sakafuni hana maisha: akiangushwa mbali na kichwa hufa katika siku moja au mbili kwa kukosa damu. Njia yake kuu ya kusafiri ni vichwa viwili kugusana, watoto wanapoinamia daftari moja, kulala mto mmoja au kuangalia simu moja. Jike aliyekomaa hutaga hadi mayai manane kwa siku. Kila yai huligandisha kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi ambako kuna joto, kwa gundi ambayo kuoga hakuilegezi. Yai huanguliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Kinda linalotoka huhitaji siku nyingine kama kumi kabla ya kuanza kutaga. Maisha yote kichwani ni kama mwezi mmoja.

Tuseme mama amepaka dawa Jumamosi. Hata ikiua kila chawa anayetembea, mayai yamebaki na gundi yake. Jumamosi inayofuata yameanza kuanguliwa, mtoto anajikuna tena, na nyumba nzima inakata shauri kwamba dawa ni feki au kwamba jirani hawatunzi watoto wao. Huenda dawa haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni duru ya pili, siku ambayo makinda yote yameshatoka na hakuna lililofikia umri wa kutaga.

Nchini Uingereza shirika moja la hiari, Community Hygiene Concern, liliijenga kampeni yake yote juu ya hesabu hiyo. Halikuuza sumu yoyote. Liliwaambia wazazi waloweshe nywele za mtoto, wazipake kondishena kwa wingi, wazichambue kwa kitana cha kawaida ili zisifungane, kisha wapitishe kitana chenye meno ya karibu kuanzia kwenye ngozi hadi ncha, fungu kwa fungu, kichwa kizima. Kila kikipita hufutwa kwenye karatasi nyeupe. Kondishena haiui chawa. Inamlowesha akatulia, na inaufanya unywele uteleze hata kucha zake zikose pa kushika. Kazi hiyo hufanywa siku ya kwanza, ya tano, ya tisa na ya kumi na tatu. Kati ya duru moja na nyingine hakuna kinda linalopata nafasi ya kukua likataga.

Njia hiyo ilipimwa mara mbili, na matokeo yakapingana waziwazi. Kule Wales, mwaka 2000, jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililowalinganisha watoto waliopakwa malathioni na waliochanwa kwa kitana: waliopona kwa dawa walikuwa asilimia 78, kwa kitana asilimia 38. Miaka mitano baadaye Nigel Hill na wenzake wakachapisha lao kwenye BMJ, na kibao kikageuka: kitana asilimia 57, dawa za dukani asilimia 13.

Vitana havikufanana, na namna ya kuwafuatilia wazazi haikufanana. Lakini katika miaka hiyo hiyo chawa nao walikuwa wanabadilika. Sumu za jamii ya permethrini, zilizojaza rafu za maduka ya dawa tangu miaka ya 1980, zilikuwa zinachagua: wanaokufa wanakufa, wasiokufa wanazaa. Kyong Yoon na John Clark walipochunguza chawa kutoka majimbo 48 ya Marekani, kazi iliyochapishwa mwaka 2016, walikuta mabadiliko ya jeni yanayowakinga dhidi ya sumu hizo yameenea kwa kiwango cha asilimia 98. Kurudi kwa mayonezi, siki na mafuta ya nazi hakukuletwa na ujinga wa wazazi peke yake. Walinunua chupa, wakaitumia sawasawa, chawa wakabaki. Mtu wa namna hiyo akigeukia jikoni ni vigumu kumlaumu.

Kitana chenyewe kina historia ndefu kuliko chupa yoyote. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale huko Lachish, nchini Israeli, waliokota kitana kidogo cha pembe ya ndovu, sentimita 3.5 kwa 2.5. Upande mmoja kilikuwa na meno sita mapana ya kuchambulia, upande wa pili meno 14 membamba. Kilikaa stoo miaka kadhaa kabla ya mtu kugundua kwamba kimechorwa herufi 17 za Kikanaani, ndogo mno, zinazomwombea mwenye kitana aondokewe na chawa wa nywele na ndevu. Makala ya mwaka 2022 iliyotangaza ugunduzi huo ilikikadiria umri wa miaka kama 3,700. Chini ya darubini, kwenye jino la pili, kulikutwa mabaki ya ganda la kinda la chawa. Pembe ya ndovu ililetwa kutoka mbali, kwani Kanaani haikuwa na ndovu wakati huo. Kwa hiyo mwenye kitana alikuwa mtu wa uwezo. Chawa hawakujali.

Anayeziunganisha zama hizo na zetu ni Kostas Mumcuoglu wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Mtu huyu amewahi kuchunguza vitana vya kale vya jangwa la Yudea, na pia ni miongoni mwa waliozipima dawa za asili kwenye vichwa vya watoto wa shule wa leo. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitoa ripoti ya dawa ya kupuliza yenye mafuta ya nazi, anisi na ilangilangi, na ikafanya vizuri. Mwaka 2010 Ian Burgess wa Cambridge alipima dawa ya nazi na anisi dhidi ya losheni ya permethrini: kati ya watu 50 kila upande, 41 walipona kwa nazi na anisi, 21 kwa permethrini. Msomaji wa Pwani atatabasamu hapo, nazi na ilangilangi si wageni Pemba wala Unguja. Asitabasamu kupita kiasi. Kilichopimwa ni mchanganyiko wenye vipimo, uliopakwa tena baada ya siku tisa. Tui lililobaki sufuriani halikupimwa na mtu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwarobaini. Mwaka 2007 Abdel-Ghaffar na Semmler walieleza walivyowatibu watoto 60 wa Misri waliojaa chawa kwa shampuu iliyotengenezwa kwa mbegu za mti huo, na chawa wakafa. Ni habari njema kwa mti unaoota nyuma ya nyumba kuanzia Lamu hadi Mtwara. Lakini shampuu ile ilitokana na mbegu, wakati wengi wetu huchemsha majani. Na mafuta ya mbegu hizo si ya kuchezea: watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama tiba ya matumbo wameugua vibaya, wengine wakapoteza maisha. Kichwani pengine, mdomoni kamwe.

Huko Queensland, Australia, Stephen Barker na Phillip Altman walipima losheni yenye mafuta ya mti wa chai na lavenda. Siku moja baada ya tiba ya mwisho, watoto 41 kati ya 42 hawakuwa na chawa hai. Hata hivyo Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza bado inawashauri wazazi wasitumie mafuta ya mimea, pamoja na hayo ya mti wa chai na lavenda, ikipendekeza kitana kwanza. Mzazi anayesoma yote mawili anaweza kuchanganyikiwa. Tofauti iko kwenye chupa: losheni ya jaribio ilikuwa na kipimo kinachojulikana na ratiba ya duru, ilhali kichupa cha sokoni kinaweza kuwa kikali mno kwa ngozi ya mtoto au chepesi mno kwa chawa.

Kinachokaribia zaidi ndoto ya mayonezi, yaani kumziba chawa pumzi, ni dimetikoni, mafuta ya silikoni yasiyo na sumu ya neva. Burgess alipochunguza namna yanavyoua alikuta jambo lisilotarajiwa. Chawa hunywa damu, na damu ni maji kwa sehemu kubwa. Maji ya ziada huyatoa kwa njia ya mvuke, kupitia vile vitundu vya ubavuni. Dimetikoni ni nyepesi, inapenya vitundu na kuviziba. Chawa aliyekwisha kunywa hana pa kutolea maji, na utumbo wake hupasuka. Mayonezi haipenyi humo. Faida nyingine ni kwamba ni vigumu kwa mdudu kuzoea kizuizi cha namna hiyo kama anavyozoea sumu. Dimetikoni imefika Kenya pia, kwa kazi nyingine: watafiti waliijaribu kwa watoto wenye funza miguuni, ikashinda permanganeti waliyozoea kulowekwa.

Kuna aliyefika kwenye tiba kwa njia ya ndege. Dale Clayton, mtafiti wa chawa wa ndege, alihama kutoka Uingereza kwenda Chuo Kikuu cha Utah, na huko chawa wake wa maabara wakawa hawaishi. Hewa ya Utah ni kavu mno. Baadaye wanawe wakarudi na chawa kutoka shuleni, na wazo likakamilika: kumbe ukavu ndio silaha. Mwaka 2006 kundi lake lilichapisha majaribio ya njia sita za hewa ya moto. Zote ziliua asilimia 88 au zaidi ya mayai. Chawa waliokwisha kuanguliwa walikuwa wagumu zaidi. Mashine waliyoitengeneza wenyewe iliua asilimia 80 yao kwa nusu saa, ila vikaushio vya kawaida vya saluni vilibaki nyuma sana. Ukitazama vizuri, kikaushio hufanya kazi pale kitana kinaposhindwa, kwenye yai, na kitana humkamata yule ambaye kikaushio kimemwacha. Sharti ni moja: kisiwashwe juu ya nywele zilizopakwa spiriti au losheni inayoshika moto, na kisiachwe mahali pamoja hadi ngozi iungue.

Moto unatufikisha kwenye tiba za nyumbani ambazo hazistahili mjadala. Hospitali za Marekani zimepokea watoto walioungua kichwa na uso baada ya kupakwa petroli au mafuta ya taa kisha kukaa karibu na jiko au mtungi wa maji moto. Mvuke ndio uliodaka moto. Mwaka 2016, jimboni Massachusetts, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alipakwa mayonezi, akavishwa mfuko wa plastiki kichwani ili chawa wakose hewa, akaachwa alale. Mfuko ukateleza usoni, mtoto akafa. Na vijijini kwetu ipo chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo. Nyingi ya dawa hizo zina sumu inayopenya ngozini. Kichwa cha mtoto chenye michubuko ya kujikuna ni mlango wazi. Mate kumtoka, jasho, mboni kuwa ndogo na misuli kutetemeka ni dalili za sumu hiyo, na hapo ni mbio hospitalini.

Wembe nao ni dawa ya nyumbani, na kusema kweli ndio mkongwe na wenye nguvu kuliko zote. Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania huwataka wasichana na wavulana wawe na nywele fupi. Sheria hiyo ina sababu zake nyingine, lakini kwa chawa ni janga: pasipo unywele hapana pa kugandisha yai. Ndiyo maana mwalimu wa Dodoma au Tanga huzungumzia mapunye mara nyingi kuliko chawa. Familia ikihamia Leicester au Minneapolis, binti akaachiwa nywele, barua ya chawa kutoka shuleni huwa ngeni kabisa. Wembe una hatari yake pia: mmoja ukipita vichwa vitano, damu ya mmoja inaweza kumfikia mwingine, na virusi vya homa ya ini B havihitaji damu nyingi. Mashine ya kunyolea iliyosafishwa, au wembe mpya kwa kila mtoto, inatosha.

Watu wazima wa eneo la Maziwa Makuu wana sababu ya kuliogopa neno chawa kuliko wazazi wa London. Mwaka 1995 homa ya taifasi, ambayo si taifodi ya maji machafu, ilizuka katika gereza la Ngozi, Burundi, na kufikia 1997 ilikuwa imesambaa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kwenye nyanda za juu zenye baridi, watu wakaugua maelfu kwa maelfu. Dozi moja ya miligramu 200 za doksisaiklini ilitosha kumponya mgonjwa. Aliyeibeba homa hiyo ni chawa wa mwili, ndugu wa yule wa kichwa, anayeishi kwenye mishono ya nguo na kuja ngozini kula tu. Dawa yake ni kufua kwa maji ya moto na kubadili nguo, vitu ambavyo mkimbizi hana. Chawa wa kichwa cha mwanafunzi hajulikani kueneza taifasi madarasani. Anawasha, anakosesha usingizi, na vidonda vya kujikuna vinaweza kupata usaha. Hayo yanatosha kumfukuza. Hayatoshi kumfukuza mtoto shuleni.

Lakini watoto hufukuzwa. Shule nyingi za Marekani zilikuwa na sheria ya kutompokea mwanafunzi hadi kichwani mwake lisionekane hata yai moja. Chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, American Academy of Pediatrics, kimesisitiza katika mwongozo wake wa 2010 na katika ile iliyofuata kwamba mtoto mwenye afya asizuiwe darasani kwa ajili ya chawa. Amalize siku yake, atibiwe jioni, arudi kesho. Sababu iko wazi kwa anayejua kupima unywele. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Yai lililo hai liko milimita chache kutoka kwenye ngozi. Kikaonekana kiganda cheupe sentimita tatu juu, kimekaa hapo kama miezi mitatu na aliyekuwamo ametoka zamani. Mwalimu anayemrudisha msichana nyumbani kwa kiganda hicho anamwadhibu kwa chawa wa muhula uliopita, ambao pengine mama yake aliwamaliza kwa kitana mezani jikoni kabla ya likizo.